Cormorant Italic kwenye kadi ya harusi: sehemu nyembamba za herufi zinapotea

kadi_tamu
Wakuu, kadi ni A5, inachapwa kwa mtambo wa ofseti, karatasi gramu 300. Majina ya maharusi ni Cormorant Italic Light (ya mlazo, nyembamba) pointi 48. Ukumbi na saa ni fonti hiyohiyo pointi 9. Maandishi yote meupe juu ya damu ya mzee. Kwenye kompyuta inapendeza, lakini sampuli imetoka "e" inasomeka "c", na ile alama ya ' kwenye jina Ng'wandu imesimama wima kama msumari. Kosa ni la fonti au la mtambo?

bamba4
Si la fonti wala la mtambo. Cormorant ilichorwa na Christian Thalmann kwa maandishi makubwa: herufi ndogo zake ni fupi, matundu yake finyu, na Light ndiyo nyembamba kuliko zote. Pointi 9 si mahali pake.

Tena huo weupe si wino, ni karatasi iliyoachwa wazi. Damu ya mzee ikichanganywa kwa wino tatu au nne, kila wino una bamba lake la kuchapia na hutanuka kidogo, na bamba moja likisogea kama unywele tu, mstari mwembamba umefunikwa. Wa kwanza kufa ni ule wa katikati ya "e".

Majina yabaki pointi 48 ila yapande hadi unene wa Medium. Maelezo yahamishie EB Garamond Italic, Medium au SemiBold, pointi 11. Kisha pima sehemu nyembamba kabisa ya herufi: nyeupe juu ya rangi isipungue pointi 0.5, nyeusi juu ya karatasi nyeupe, 0.25 inatosha. Bajeti ikiruhusu, mwambie mchapaji damu ya mzee iwe wino mmoja uliochanganywa kabisa. Hapo hakuna bamba la kupishana na jingine.

herufi_mlazo
Angalia pia kama huo ni mlazo wa kweli. Ukisakinisha Regular peke yake halafu ukabonyeza kitufe cha I, programu nyingi huilaza kwa nguvu tu. Tazama "a": ikiwa bado ina kofia juu, umedanganywa. Ya mlazo halisi ni duara na mguu, kama ya mwandiko wa mkono.

Hiyo alama ya Ng'wandu ni ya taipureta. Weka iliyopinda kama 9: Windows shikilia Alt uandike 0146, Mac ni Option+Shift+]. Ukiona imeikalia "g", sogeza nafasi ya hapo tu, usiachanishe jina zima. Herufi za mlazo zinaongozana kama mwandiko, ukizitawanya zinakuwa vipande.

kadi_tamu
Kweli, "a" ya maelezo ina kofia! Nabadilisha. Faili nitume na fonti zake?

bamba4
Hapana. Geuza maandishi yawe michoro (Illustrator: Ctrl+Shift+O), kisha PDF. Ila hifadhi nakala isiyogeuzwa. Saa ya ukumbi ikibadilika hutaweza kuhariri.