Septemba Mosi kwenye kikundi cha ukoo

Babu: Ukoo mzima, mmeamkaje? Leo tarehe ngapi?

Dogo: Shikamoo babu. Tarehe 1 Septemba.

Babu: Marahaba. Basi haina jina?

Anko Fundi: Dogo amka, hilo swali la kuruta depo 😂

Dogo: Siku ya Mashujaa!

Babu: Mashujaa ni 25 Julai, tunawakumbuka wenzetu waliolala. Leo ni kuzaliwa kwa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, 1964. Ukizichanganya hizo mbili ni sawa na kwenda msibani na keki.

Dada Nesi: 🤣 Hongera babu. Ila uhuru ni 1961, kabla ya hapo tulikuwa na jeshi gani?

Babu: Tanganyika Rifles, tulirithi kwa Mwingereza. Januari 1964 askari wakaasi pale kambi ya Colito, ndiyo Lugalo ya leo. Mwalimu Nyerere ikabidi awaite Waingereza haohao waje kuzima. Mimi nilikuwa mtoto, nachunga mbuzi, lakini wazee walivyoisimulia ile aibu sijasahau. Jeshi hilo likavunjwa. Septemba likaundwa jipya, mkuu wake Sarakikya. Idi Amin wa Uganda alipoingia Kagera 1978 hatukumwita Mwingereza. Tulikwenda wenyewe. Mkiniona naringa leo, naringia hilo.

Shangazi: Baba ukishaingia Kagera, Kampala tunafika saa nane mchana 😂

Babu: Kampala tuliingia 11 Aprili 1979. Hiyo fupi.

Bibi: Mwacheni aseme. Aliporudi alikuwa haongei. Ukimuuliza vita ilikuwaje, anajibu "tulitembea sana", anageukia ukutani. Hivi anavyoandika leo mimi nafurahi.

Babu: Na tulitembea kweli, mama. Magari yalikuwa ya mizigo na mizinga.

Dogo: Babu niazime kombati nipige picha niweke status 🙏

Babu: Raia havai sare ya jeshi, ni kosa kisheria. Na zangu nilirudisha nilipostaafu. Nina medali. Ipige picha ikiwa kifuani kwangu, si kwako.

Anko Fundi: Jamani, uwezo wa kupika pilau tunao, sababu ya kupika tunayo. Imebaki nia ya dada yangu.

Shangazi: Nia ninayo. Nyama ndiyo sina.

Babu: Nyama juu yangu. Lakini kwanza kazi. Wanajeshi siku kama hii huchangia damu, husafisha na hospitali. Mimi umri wa kutoa damu umepita. Fundi na Dogo, saa tatu kamili muwe hospitali.

Dogo: Babu mimi na sindano hatuelewani

Babu: Kuruta haulizwi.

Dada Nesi: Niko zamu, nawasubiri. Dogo, kula kwanza, usije na njaa ukaniangukia.

Anko Fundi: Ndiyo afande. Nampitia Dogo na pikipiki, asije akapotelea njiani.