Nawaombea wengine wanaguswa, mimi mwenyewe ndani ni pakavu. Niache huduma?

MwombeziKimya

Bwana asifiwe wapendwa. Naomba mnisome taratibu kabla ya kujibu, maana majibu ya haraka nimeshapewa mengi.

Mimi ni mama mtu mzima, nimeokoka tangu ujana, na kanisani ndiye ninayesimamia kikundi cha waombezi. Mwenye mgonjwa anatumwa kwangu, mwenye ndoa inayoyumba anatumwa kwangu. Nakaa naye, namshika mikono, naomba. Maneno yanakuja bila shida, mistari inajipanga yenyewe. Mwenzangu analia, anafuta machozi, ananiambia leo nimesikia uwepo wa Mungu. Mimi ndani hakuna kitu. Si hasira, si mashaka, hata huzuni yenyewe siipati.

Mwanzoni nilidhani ni uchovu utakaopita. Haukupita. Biblia nasoma, ila nafika mwisho wa sura ndipo natambua kwamba macho yamesoma, mimi sikuwepo. Nikipiga magoti peke yangu chumbani nawaza sufuria iliyo jikoni, nawaza nani hajajibu ujumbe wangu. Zamani nikiomba nilikuwa nasahau saa. Siku hizi saa naiona vizuri sana.

Nimeambiwa nifunge. Nimefunga, nikapata njaa. Nimeambiwa kuna dhambi nimeificha, nikajichunguza hadi nikaanza kutubu mambo ambayo wala si dhambi. Nimeambiwa nisikilize nyimbo za kuabudu nitaguswa. Nilizisikiliza, nikaishia kukosoa sauti ya pili.

Maswali yangu ni mawili. Ninapomwombea mtu nikiwa katika hali hii, si ninamdanganya? Na je, niweke huduma chini kwanza, au niendelee? Mchungaji sijamwambia. Nauogopa uso atakaoniangalia nao.

ShujaaWaMkesha

Shalom mtumishi wa Mungu. Mimi sizunguki. Moto wa madhabahu hauzimiki wenyewe. Isaya 59:2 inasema maovu ndiyo yanayomfarikisha mtu na Mungu wake. Kagua tena, hasa habari ya kutosamehe. Kisha ingia kwenye mfungo wa kweli, usiwe wa kujaribu. Adui anafurahi sana mwombezi akinyamaza.

KatekistaMstaafu

Tumsifu Yesu Kristo, mama yangu.

Shujaa, mwanangu, mama amesema alishajichunguza hadi akapitiliza, nawe unamrudisha kule kule. Isaya 59 usiishie mstari wa pili. Mstari wa tatu unakuambia wanaosemwa ni watu wenye mikono iliyotiwa unajisi kwa damu. Halafu rudi nyuma hadi sura ya 50, mstari wa 10. Pale yupo mtu anayemcha Bwana, anayemsikiliza mtumishi wake, na bado anakwenda gizani hana nuru. Huyo haambiwi atubu. Anaambiwa alitumaini jina la Bwana.

Mama, najua wewe si wa kanisa langu, lakini tunao wazee waliolifahamu vizuri jambo hili. Mmoja ni Yohane wa Msalaba, Mhispania. Mwishoni mwa 1577 watawa wa shirika lake mwenyewe walimkamata wakamfungia katika kijichumba huko Toledo, akatoroka Agosti ya mwaka uliofuata. Mtu aliyepita hapo akizungumzia giza, mimi namsikiliza. Alijua kwamba si kila ukavu ni wa kiroho. Upo unaotokana na uvivu au dhambi, upo unaotokana na afya ya mwili. Kwa hiyo akaweka alama tatu za kupimia, na alitaka zionekane zote pamoja.

Ya kwanza, mambo ya Mungu yamekosa ladha, na huna kingine ulichokimbilia kutafuta ladha hiyo. Mtu aliyepoa kwa dhambi kwa kawaida ana mahali anapojifariji. Ya pili, unasumbuka. Unaona kama unarudi nyuma, kama humtumikii Mungu, na hilo linakuuma. Aliye vuguvugu haumwi, mama, analala usingizi mzuri tu. Ya tatu, kutafakari kama ulivyozoea, kwa picha na mawazo na kuchambua mstari, hakuwezekani tena hata ukijilazimisha. Ya pili naiona imejaa katika kila ulichoandika. Hizo nyingine ujipime mwenyewe.

Kuhusu huduma: Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, aliwaonya watu wasibadili, katika kipindi cha ukavu, uamuzi walioufanya walipokuwa na nuru. Aliongeza jambo ambalo vijana wangu wa katekesi hawakulipenda hata kidogo. Ukiwa umepanga saa moja ya sala na moyo unakusukuma uikatishe, kaa kidogo zaidi ya saa hiyo.

Na hilo la kuangalia saa lisikutie aibu. Teresa wa Avila, mwalimu wa sala anayejulikana dunia nzima, alikiri kwamba kuna miaka alikuwa anasikilizia saa igonge ili amalize.

Kudanganya, hapana. Yule mtu hukumwahidi kwamba utasisimka. Ulimwahidi kwamba utamwombea, na umemwombea.

ZamuYaUsiku

Pole dada. Mimi nahudumia wagonjwa, kwa hiyo nitakuuliza ya kikazi. Unalala? Chakula unakisikia ladha? Mambo mengine yaliyokuwa yakikufurahisha, nje ya kanisa kabisa, bado yanakufurahisha?

Nauliza kwa sababu umesema hata huzuni yenyewe huipati. Sentensi hiyo nimeisikia kwa watu waliokuja kugundulika wana sonona, yaani ugonjwa wa akili unaomwondolea mtu furaha na hamu ya mambo, na wengine walikuwa wameshazungushwa kwenye maombezi muda mrefu. Kukosa ladha ya kila kitu ni mojawapo ya mambo ya kwanza tunayouliza, ndiyo maana alama ya kwanza ya Katekista imenishtua kidogo, samahani mzee wangu. Mtu anaweza kuwa na ukame wa kiroho na sonona kwa pamoja. Sonona ina matibabu, ya mazungumzo na mtaalamu, na ya dawa pale inapohitajika. Kumwona daktari si kumkana Yesu.

Soma tena habari za Eliya, 1 Wafalme 19. Ametoka Karmeli moto umeshuka, kisha Yezebeli anatuma neno moja, mtu wa Mungu anakimbia, anakaa chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale. Akamwamsha mara ya pili: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Lile swali la "unafanya nini hapa, Eliya?" halikuulizwa pale. Liliulizwa Horebu, baada ya kula, kulala na mwendo wa siku arobaini.

Hata Martin Luther, aliyepigana na mawimbi haya maisha yake yote, mwaka 1530 alipomwandikia kijana mmoja aliyelemewa na huzuni, hakumwongezea mfungo. Alimwambia asikae peke yake, atafute watu, ataniane nao.

Halafu mimi nina swali lingine. Misiba ya kanisa zima inaletwa kwako. Wewe ukitoka hapo unaipeleka kwa nani?

MwombeziKimya

Nimesoma yote, baadhi mara mbili. Asanteni.

ZamuYaUsiku, nalala vizuri, na chakula nakula hadi naonywa. Wajukuu wakija nacheka kweli, si kwa kujifanya. Lakini nitapima afya, maana sijapima siku nyingi. Sasa Katekista, kama wajukuu wananifurahisha, alama ya kwanza sina?

Swali la nani ananibeba mimi nimeliacha kwanza, maana nilipolisoma nilifunga simu nikaenda kufua.

KatekistaMstaafu

Mama, kumfurahia mjukuu si kumkimbia Mungu. Alama ile inamtenga mtu aliyeacha sala kwa sababu amepata utamu mahali pengine. Wewe hujaacha. Unapiga magoti, unawaza sufuria, na kesho unarudi kupiga magoti tena.

ShujaaWaMkesha

Mimi bado nasema habari ya kutosamehe usiipite juu juu. Ila nimekuweka kwenye maombi yangu ya saa tisa usiku. Usinishukuru, na usiniambie kama umehisi kitu.

MwombeziKimya

Hiyo imenichekesha, Shujaa. Nimepokea.

Katekista, nimebakiza moja. Hiyo "kaa kidogo zaidi", nikae nikifanya nini? Maneno yangu mwenyewe yamenichosha. Nikianza "Baba katika jina la Yesu" najua nitaishia wapi.

KatekistaMstaafu

Basi usitumie ya kwako. Omba kwa maneno ya watu wengine, ndiyo kazi ya Zaburi. Chukua ya 88. Zaburi nyingi za kilio mwishoni hugeuka kuwa sifa, lakini hiyo haigeuki, inaishia na "nao wanijuao wamo gizani." Imewekwa ndani ya Maandiko hivyo hivyo, hakuna aliyeiongezea aleluya. Isome kwa sauti, ya chini tu, usiichambue.

Siku nyingine chukua Baba Yetu. Ignasi alifundisha kusema neno moja na kukaa nalo kwa muda wote linapokupa kitu, ndipo uende la pili. Saa ikiisha ukiwa bado kwenye "Baba", malizia sala iliyobaki kwa kawaida tu, kesho uendelee ulipoishia. Lisipokupa kitu, sogea mbele, usilikamue.

Na mchungaji mwambie. Huduma usiiache, lakini mwombe akupe mtu wa pili wa kukaa nawe watu wanapoleta shida zao. Hilo ni ombi la kawaida la kazi, halihitaji hata ushuhuda.

MwombeziKimya

La mtu wa pili sikuwa nimeliwaza. Yupo dada mmoja kwenye kikundi, haongei sana, na akiomba hana madoido. Jumapili baada ya ibada nitamwona mchungaji, nianze na hilo la dada kwanza. Hili lingine nitaona kama litatoka.