Natafuta wakili wa kesi ya malezi ya mtoto, niko Temeke

MamaVitumbua: Habarini wakuu. Mwanangu ana miaka 5. Baba yake alimpeleka likizo Tabora kwa bibi yake, hajamrudisha mpaka leo. Nikipiga simu ananiambia "nenda mahakamani". Ndoa yetu ya bomani, hatujaachana. Kuna wakili anataka laki nane mkononi, risiti eti baadaye. Kwa vitumbua hivi naitoa wapi?

Mdau wa Mbagala: Dada, usitoe hata mia. Kwanza jina lake litafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, utaona kama ana leseni hai. Vishoka ni wengi, na suti wanavaa.

Bi Shangazi: Pole mwanangu. Nenda TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) au WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake), wanasaidia bure wasio na uwezo. Kesi za ndoa zinasikilizwa Kituo Jumuishi cha mahakama cha masuala ya familia, pale pale Temeke. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama, ila baba anaweza kupinga kwa ushahidi. Kwa hiyo beba kadi ya kliniki, risiti za shule, na meseji zake usifute. Ustawi wa Jamii pia wapitie, mahakama huwa inataka taarifa yao.

MamaVitumbua: Asante shangazi. Cheti cha kuzaliwa anacho yeye.

Bi Shangazi: Omba nakala RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, usimsubiri.