Mafunzo ya bonsai Njiro: nibebe mti upi kati ya hii mitatu?

Mche_wa_Rau

Habari za jioni wadau. Wiki tatu zijazo, Jumamosi, nina mafunzo ya vitendo ya bonsai, yaani kukuza mti mdogo chunguni na kuupa umbo la mti mkubwa, pale Njiro, Arusha, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Mwalimu anatoka Nairobi. Tutakuwa watu kumi tu, kila mmoja na mti wake mezani, na asiye na mti atauziwa hapo hapo. Nimeshalipia. Mimi niko Moshi na nina miti mitatu, kila siku nabadili mawazo.

Wa kwanza ni fikasi, benjamina ya majani madogo. Niliinunua kitaluni Usa River miaka minne iliyopita ikiwa kwenye kiroba, sasa shina limefika unene wa mpini wa jembe. Tangu mwaka jana iko kwenye beseni pana nililotoboa chini.

Wa pili ni kisiki cha bogenvilia. Kilikuwa kwenye uzio wa mama, akataka king'olewe ajenge ukuta, nikakiokoa masika ya mwaka jana. Kina machipukizi marefu na miiba ya kutosha.

Wa tatu ndio moyo wangu ulipo: mzeituni pori. Nimeuchimba mwezi wa tatu mwaka huu shambani kwa marehemu babu, Siha. Shina limejikunja mara mbili, na upande mmoja umekauka ukawa mweupe kama mfupa. Nikiukalia mbele naweza kumaliza kikombe cha chai bila kukumbuka kunywa.

Naomba ushauri wa mti, na pia wa vifaa. Ninunue seti ya Kijapani au niende na nilivyonavyo?

Mama_Vitalu

Mwanangu, hongera kwa kulipia mapema, nafasi za namna hiyo hazikai. Niko Tengeru, nimeotesha miche miaka mingi, na bonsai ninazo chache ninazozipenda kama wajukuu.

Nenda na fikasi. Siku hiyo utakata, utafunga waya kwenye matawi kuyapinda yakae umbo, huenda mwalimu akakuambia upunguze mizizi, na mikono yako bado haijazoea. Fikasi inasamehe. Isitoshe wiki tatu zijazo baridi ya Juni na Julai itakuwa imekwisha, mti umeanza kuamka, na mizizi ya fikasi ikikatwa wakati wa joto inarudi haraka.

Lakini benjamina ina tabia yake, na wengi hawaambiwi. Ukikata tawi ukaliacha tupu bila jani hata moja, mara nyingi mti unalitelekeza tawi zima na linakauka hadi shinani. Fikasi nyingine zinachipua hata kwenye gogo, yeye hana uhakika huo. Kwa hiyo kila tawi unalolitaka liachie majani mawili matatu kwenye ncha. Na usianze kukata nyumbani! Najua mkono unawasha. Tawi unaloliona baya leo linaweza kuwa ndilo mwalimu analolihitaji.

Sakina_Juu

Kwa heshima zote Mama, mimi natofautiana kidogo. Fikasi ataifanya mwenyewe nyumbani hata kwa kuangalia video. Mwalimu wa kiwango hicho unampata mara moja kwa mwaka, kama ni bahati. Mti mgumu ndio wa kumpelekea. Huo mzeituni wenye upande mkavu ukifanyiwa kazi na mtu anayejua, thamani yake haifanani na benjamina iliyojaa kila uzio wa Arusha. Mkuu, beba mzeituni.

Loibor

Ndugu wa Sakina, nakuelewa, ila soma tena: ameuchimba mwezi wa tatu.

Huo mti sisi huku Monduli tunauita oloirien. Mama zetu wanachukua kijinga chake cha moto kusafishia vibuyu vya maziwa, ndiyo ile harufu ya moshi unayoisikia ukinywa. Ni mti mgumu kufa, na ugumu huo ndio unaodanganya watu. Majani yanabaki ya kijani miezi mingi kwa akiba iliyo kwenye shina, mwenyewe unaamini umeshika, kumbe chini hakuna kitu.

Mwaka juzi niliuchimba mmoja kwenye boma letu, ukachipua vizuri, baada ya miezi saba nikaukata na kuufunga waya siku moja. Machipukizi yalisimama wiki kama tano. Kisha yakaanza kukunjamana kuanzia juu, jani moja moja, na nilipoutoa kwenye ndoo nikakuta vizizi vyeupe vitatu tu, virefu kama kidole. Uliniuma sana kwa sababu ulikuwa mti wa zamani kuliko mimi.

Jambo la pili: mzeituni ukizeeka, mzizi fulani unalisha upande fulani wa shina, kama mfereji wake peke yake. Utaona mishipa iliyotuna ikipanda kutoka chini hadi kwenye tawi. Ukikata mzizi usioujua, unaua tawi unalolipenda. Usiuguse kabla ya kuujua.

Kuna kipimo chepesi. Shika shina karibu na udongo, ulitikise taratibu sana. Shina na ndoo vikisogea pamoja, mizizi imeshika. Shina likicheza peke yake, urudishe kivulini na uusahau mwaka mzima.

Na kwa wengine wanaosoma hapa: babu yake alikuwa na shamba, sawa. Msiende kuchimba msitu wa Rau au juu ya Meru. Hiyo ni misitu ya hifadhi, bila kibali ni kosa.

Pasua_Maua

Kuhusu bogenvilia niseme mimi, maana ninazo sita. Maua yake hayana mpinzani, na kisiki kinachipua hata ukikitupa. Ila si mti wa mafunzo ya waya. Tawi likishakuwa gumu halipindi, linavunjika kavu bila onyo. Mimi nilikuwa napinda tawi nene kama kalamu, nikijiona natumia nguvu ndogo, likatoka mkononi na ganda lake. Bogenvilia inafungwa waya chipukizi likiwa bado bichi, au unaijenga kwa mkasi tu: unakata, unasubiri ichipue upande unaoutaka, unakata tena. Mizizi yake nayo ni laini, ukiivuruga inanuna. Halafu vidonda vikubwa kwenye shina vinaoza kwenda ndani.

Iache nyumbani.

Fundi_Kibosho

Naingia kwenye vifaa. Seti ya Kijapani ni nzuri, hasa ile koleo yenye mdomo uliobonyea ndani, kwa sababu inaacha kidonda chenye kishimo na ganda likifunga linakuwa sawa na shina, bila nundu. Lakini kwa siku ya kwanza usitumie hela hiyo. Zile seti za bei poa nazo nakuonya, yangu meno yaliachana kwenye tawi la nne.

Mkuu uko Moshi, nyumba gani haina mkasi wa kupogolea kahawa? Unoe, ufute kwa spiriti, tosha. Msumeno mdogo wa kupogolea. Plaizi ya kukatia waya. Kijiti cha mshikaki cha kufumulia mizizi, hiki usikose, hakuna kifaa kinachokishinda. Kitambaa chenye maji kwa ajili ya utomvu wa fikasi, unanata vibaya na unawasha ngozi ya baadhi ya watu. Na kama una kile kisahani cha kuzungushia keki, beba: unazungusha mti badala ya kuuzunguka wewe.

Waya sasa. Wa aluminiamu ndio rahisi kwa anayeanza, ni laini, unaweza kuurekebisha. Hapa kwetu kuupata ni shida, muulize mwandaaji kama atauza. Mimi natumia shaba ya nyaya za umeme, mabaki kwa fundi. Chukua ule wa uzi mmoja, si wa nyuzi nyingi. Wa namba 1.5 una kipenyo cha milimita 1.4 hivi, wa 2.5 ni karibu 1.8, wa 4 ni 2.25. Kanuni ya kuanzia ni theluthi ya unene wa tawi.

Usichome plastiki yake, moshi ule ni sumu. Menya kwa kisu kwanza. Kisha zungusha shaba iwe kama bangili, iweke kwenye makaa jioni, jiko likiwa halina mwali. Ukiona imekuwa nyekundu iliyofifia, itoe kwa koleo. Ikipoa inakuwa laini kiasi kwamba unaipinda kwa vidole viwili. Ila inapinda mara moja tu: ukishaizungusha kwenye tawi inakuwa ngumu, na ndio uzuri wake. Siku ya kuitoa usiifumue, ikate vipande vipande. Usiipeleke yote bila kujaribu, fanya mazoezi ya kuizungusha kwa pembe ya nyuzi 45 kwenye tawi la mpera hapo nje.

Mche_wa_Rau

Asanteni sana, shikamoo Mama. Fundi, na udongo? Tumeambiwa mchanganyiko upo lakini unalipiwa pembeni.

Fundi_Kibosho

Tumezungukwa na volkano mbili, mkuu. Huko Japani wanatumia akadama, udongo wao wa punje zilizokauka, na kuusafirisha mpaka huku ni gharama. Sisi tuna kokoto nyepesi nyekundu za volkano, zina matundu, zinashika maji na kupitisha hewa. Pitisha kwenye wavu wa kuanikia kahawa, zinazopita ndizo zako. Kisha pepeta hizo kwenye wavu wa mbu, vumbi litoke. Kinachobaki juu, osha. Changanya na mboji iliyochekechwa, kwa fikasi mimi naweka robo. Udongo wa mgombani usitie, unashikamana na kuziba.

Mama_Vitalu

Marahaba mwanangu. Nyongeza: mbolea usiweke tena kuanzia leo. Maji umwagilie Ijumaa, si Jumamosi asubuhi, udongo ukilowa chepechepe hautatoka kwenye mizizi na mti utakuwa mzito bure. Na futua udongo wa juu kidogo kwa kijiti mpaka uone pale mizizi inapoanza kutanuka. Mwalimu ataangalia hapo kabla ya kuangalia majani.

Sakina_Juu

Nimesoma maelezo ya Loibor kuhusu mishipa ya mzeituni, sikuwa nalijua hilo. Narudisha kauli yangu kwa huu uliochimbwa juzi. Ila bado nasema usiende na fikasi kuomba umbo la kitabuni tu. Muulize mwalimu kuhusu umbo la mgunga, ule mwavuli wa bapa tunaouona kila tukipita Makuyuni. Afrika Kusini wanalitambua kama mtindo kamili, wanauita Pierneef, kwa jina la mchoraji J. H. Pierneef (1886–1957) aliyechora sana miti ya namna hiyo. Fikasi inaweza kulibeba.

Mche_wa_Rau

Wadau, nimerudi. Leo asubuhi nimefanya kipimo cha Loibor. Fikasi: nimetikisa, beseni lote likaja. Nikaifutua juu kama Mama alivyosema, na sikutegemea nilichokiona, mizizi minne imetoka shinani kama vidole vya mkono uliolala, mmoja tu umepanda juu ya mwenzake. Matawi nimeyahesabu, kumi na moja, sijakata hata moja.

Mzeituni nimeushika kwa vidole viwili. Ulicheza. Kidogo tu, kama jino la mtoto linaloanza kulegea, lakini ndoo haikusogea. Nimeurudisha chini ya mparachichi, nimeufunga shina kwa kamba kwenye kingo za ndoo upepo usiutikise. Nimeupiga picha pande zote nne na nyingine za karibu za ile mishipa, nitamwonyesha mwalimu wakati wa chakula cha mchana, nimuulize tu lini.

Swali la mwisho, kuusafirisha. Moshi hadi Njiro kwa kosta itakuwaje?

Loibor

Umefanya jambo la maana sana kaka. Huo mzeituni niandikie masika ijayo.

Pasua_Maua

Usiende na kosta, watakuwekea kwenye buti chini ya magunia. Mimi nami nimelipia leo, baada ya kusoma huu uzi. Shemeji ana Noah, tunatoka Moshi saa kumi na mbili kamili ili tuwahi. Tutatoa kiti cha nyuma tuweke miti yetu miwili imesimama, beseni ulibane kwa matofali, majani uyafunge kwa khanga legelege. Nitakupitia hapo Rau. Niandikie inboksi ulipo.