Tupeane uzoefu: hita ya maji ya hiti pampu ikianza kukuandikia namba za ajabu, ulifanyaje?

MtuWaOhio
Wakuu habari za saa hizi. Mimi niko Columbus, Ohio, tulinunua nyumba mwaka juzi tukakuta hita ya maji ya hiti pampu huko besmenti (chumba cha chini ya nyumba), galoni 50, hii inayovuta joto la hewa ya chumbani na kulihamishia kwenye maji, yaani ni friji iliyogeuzwa. Bili ya umeme imeshuka sikatai. Sasa Januari asubuhi mama watoto ananiita, maji vuguvugu, kile kioo kinalia tii tii kimeandika herufi moja na namba mbili. Nikazima breka nikawasha, ikakaa siku mbili ikarudi tena. Fundi kaja, hakufungua hata skrubu moja, kavuta tu chujio la hewa pale juu kanionyesha: limevaa manyoya ya nguo kama blanketi, maana draya yetu ya kukaushia nguo iko hapo hapo pembeni. Na mimi kwa akili zangu nilikuwa nimeizungushia mapipa ya mizigo ya kutuma nyumbani, wakati kitabu chake kinataka chumba cha futi za ujazo 700 hivi ili ipate hewa. Dola 150 zimeenda kwa kuosha kitu kwenye sinki. Haya na nyie leteni yenu

KitengelaKwetu
Pole buda 😂 angalau wako alikuwa mkweli. Mimi yangu ni ile mashine iko nje, tanki iko ndani, kuna kapampu kanazungusha maji katikati. Ikaanza kuandika E fulani, nikaangalia kwa kitabu inasema maji haipiti. Fundi wa kwanza akakuja akasema bodi, ile sakiti inaongoza mashine, imekufa, 38,000 za Kenya. Nikamwambia ngoja mwisho wa mwezi. Huku kwetu ni maji ya borehole, chumvi tupu, sufuria ya chai inakuwa nyeupe ndani, so nikajiuliza kama sufuria iko hivyo hiyo pampu je? Nikafunga maji, nikafungua ile chujio ya shaba ya umbo la Y kabla ya pampu, ikatoka uji mweupe na vipande za chokaa kama maganda ya mayai. Nikaosha na brashi ya meno, nikarudisha, namba ikapotea. Saa hizi kila miezi tatu naifungua mwenyewe, bodi ni ile ile.

MieMtuWaMwera
Assalaam alaykum jamaa zangu. Mie niko Muscat, hapa kiangazi hita yenyewe tunaizima, maji ya tangi la juu ya paa yanakuja yanaunguza, basi yale yaliyolala ndani ya hita iliyozimwa ndo tunayaoga kama maji baridi, mambo kinyume kabisa 😅. Ila tajiri wangu alifunga hiyo hiti pampu ya nje kwenye nyumba anayopangisha, kila saa 8 mchana mwezi wa saba inaandika namba na kunyamaza, magharibi ikiingia inaamka yenyewe. Wamebadilisha sensa, kile kipima joto cha ndani, mara mbili bure. Siku moja nikakisoma kile kibandiko ubavuni, joto la hewa la mwisho linaloruhusiwa digrii 43. Na imewekwa ukutani upande wa jua! Si mbovu ile, inajiokoa tu.

fundi_wa_Tegeta
Nimefanya sana AC na hizi hita ni ndugu moja. Niwaambie kitu wakuu, ile namba inakwambia nani analalamika, haikwambii nani kafa. Na msibebe maana ya E1 ya mwenzako, kila kampuni ina orodha yake, mara nyingi imebandikwa nyuma ya kifuniko. Sensa za joto zinasingiziwa sana. Zima breka kwanza, chomoa plagi yake kwenye bodi, pima ukinzani kwa mita ya umeme, nyingi kwenye digrii 25 zinasoma kiloomu 10, ukiibana kiganjani ikapata joto namba inashuka taratibu. Ikishuka hivo ni nzima, ikisoma sifuri ina shoti, isiposoma kabisa waya umekatika.

Na fundi akikwambia "gesi imeisha" muulize imeenda wapi. Gesi hailiwi, ikipungua kuna tundu, akiongeza bila kutafuta tundu utamwita tena.

Ya mwezi uliopita Mbezi: nafungua kifuniko cha mashine nakuta mjusi kalala chali juu ya bodi, kaunganisha njia mbili za umeme kakaukia pale pale, mkia bado kwenye kontakta, ile swichi kubwa ya kuwashia mashine. Nikambandua, nikapiga brashi na spiriti, nikakausha, ikawaka. Tundu la waya nikaziba kwa silikoni. Mwenye nyumba mpaka leo haamini

MtuWaOhio
Hapo kwenye mjusi nimecheka sana. Mkuu nilikuwa nataka nikamate moja kama yangu niitupie kwenye kontena la kuja Dar kwenye nyumba ya mzee

fundi_wa_Tegeta
Usithubutu. Volti mtafanana karibu maana huko nayo ni 240, ila umeme wenu ni hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde, huku ni 50. Koili ya kuchemshia haitajali, kompresa (pampu ya kubana gesi) na feni ndo vitateseka, vitazunguka polepole na kupata moto. Nunua huku

dada_Njiro
Jamani samahani naingilia, yangu umeme ulikatika ukarudi sasa hivi, taa inawaka ila mashine kimyaaa, haiandiki chochote, nimeshazima na kuwasha kama mara sita, Arusha baridi na watoto hawajaoga

fundi_wa_Tegeta
Dada acha kuizima, kila ukiwasha inaanza kuhesabu upya. Kompresa inasubiri dakika 3 mpaka 5 presha itulie. Iache

dada_Njiro
Imewaka 🙈 na fundi yuko njiani nimeshamtumia hela ya boda