Eti "bureti siyo filimbi"! Huyu mkufunzi wetu wa kemia amezidi sasa

Mgosi_Kemia:
Wakuu, nimetoka maabara sasa hivi, mikono bado inanuka asidi. Ni yule yule. Mnamjua, koti jeupe, kalamu nne mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Leo mbele ya darasa zima, hadi fundi bomba mlangoni kasikia, anatuambia sisi wa michezo na kemia: "Bureti siyo filimbi!"

Bureti. Siyo. Filimbi.

Kisa? Titresheni, ile kudondosha asidi kutoka kwenye bureti (mrija wa kioo wenye vipimo na koki) hadi rangi ya flaski ibadilike, imetoka sm³ 12.5 na yeye anataka 25. Sasa hesabuni wenyewe. Flaski ina sm³ 25 za sodiamu kaboneti ya 0.05 M, bureti ina asidi haidrokloriki ya 0.1 M, halafu indiketa, ile dawa ya kubadili rangi, aliyogawa kwa mkono wake mwenyewe ni fenofthaleni! Hiyo pinki yake inapotea kaboneti ikishageuka bikaboneti tu, yaani kazi iko nusu. Nusu ya 25 ni ngapi? Hata filimbi inajua! Ukiitaka 25 yote, tia matone mawili ya methili oranji, ungoje njano iwe rangi ya chungwa. Mtu anaishi mkoa wenye machungwa ya Muheza, rangi ya chungwa inampita!

Mbele ya fundi bomba, wakuu.

Bi_Raskazone:
😂😂😂 Pole mgosi. Ila na nyie, pinki imeondoka mkafunga koki? Mlidhani hafutaimu?

Mgosi_Kemia:
Aliyepuliza hafutaimu ni yeye! Halafu ndiye anayesema bureti siyo filimbi!

Mzee_wa_Pipeti:
Mleta uzi punguza jazba. Bureti mliisuuza kwa asidi yenyewe, au mliosha kwa maji mkajaza hivyo hivyo? Maji yakibaki ndani yanazimua asidi, usomaji unapanda. Kipovu chini ya koki nacho kikitoka katikati ya kazi, unapanda. Flaski ndiyo inasuuzwa kwa maji matupu.

Mgosi_Kemia:
Mzee, vyote ulivyotaja vinapandisha. Yetu imeshuka, tena nusu kamili. Cha kushusha ni faneli iliyosahauliwa juu ya bureti ikidondosha, na hapo idondoshe sm³ 12.5, hiyo faneli au mvua ya masika? Soma uzi kwanza, mzee wangu.

Mzee_wa_Pipeti:
Nimesoma. Filimbi imenichekesha.

Kipa_wa_Ngamiani:
Afadhali nyie mna bureti. Yule wa uwanjani, naye mnamjua, kachora eneo la kuangukia tufe kwa macho. Nyuzi 34.92 kwa macho! Si kamba tu? Katikati ya duara vuta mita 20 kushoto, mita 20 kulia, ncha mbili ziachane mita 12, mwaga chokaa, nenda kanywe chai. Halafu wanaume kawapa tufe la kilo 4, la wanawake, badala ya 7.26. Anapima, anashangaa, "mwaka huu vipaji vipo!"

Bi_Raskazone:
Vipaji 🤣🤣 Na shimo la kurukia je? Mchanga mkavu kama sembe, alama inajifukia mwenyewe. Si umwagiliwe kwanza! Kisha futi kamba anaiweka penye vidole vya mguu. Mtu akiegemea kiganja nyuma, kinachopimwa ni alama ya kiganja, iliyo karibu na mstari wa kurukia, na futi ikutane na mstari kwa pembe mraba, siyo mshazari.

Kipa_wa_Ngamiani:
Mwambie hivyo uone. Atakutuma ukakate majani uwanjani.

Chumbageni_Boy:
Samahani wakuu, kuna aliyekula chapati za kantini leo? Ukiinua moja unauona mnara wa simu upande wa pili.

Mgosi_Kemia:
Jamani mada! BURETI SIYO FILIMBI! Mbele ya fundi bomba!

Kipa_wa_Ngamiani:
Chumbageni usiniguse kidonda. Maharage yao je? Mchuzi mtupu, punje unazitafuta na kijiko.

Bi_Raskazone:
Na bajaji za Kange nao wanajiona. Mvua ikidondoka tone moja tu, nauli mara mbili.

Chumbageni_Boy:
Hao ndiyo wafunguliwe uzi wao.