Ushauri: Roma, Firenze, mashamba ya Toscana na Venezia kwa siku 12. Treni au gari la kukodi?

Baba Nuru
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaoifahamu Italia. Tunakwenda katikati ya Juni kutokea Dar, mimi, mke wangu na watoto wawili, mmoja miaka 9 na mwingine 3. Ratiba: Roma siku 4, Firenze 3, nyumba ya shambani karibu na Pienza 3, Venezia 2. Tutakuwa na masanduku mawili makubwa na kigari cha mtoto. Kwa hesabu yangu gari moja kwa siku zote 12 linaonekana nafuu kuliko tiketi za watu wanne. Nilichukue uwanja wa ndege Roma, au twende na treni?

Njia ya Chuma
Baba Nuru, hesabu yako imeacha maegesho, ushuru wa barabara na siku ambazo gari litakaa tu. Roma na Firenze gari halina kazi, na Venezia hakuna barabara ya magari kabisa: linaishia kwenye maegesho ya Piazzale Roma au Tronchetto, nawe unalilipia likikusubiri. Kwa ratiba yako, siku 9 kati ya 12 utakuwa unalipia gari lililosimama.

Roma Termini hadi Firenze Santa Maria Novella ni saa moja na nusu kwa treni ya kasi, iwe Frecciarossa ya shirika la Trenitalia au ya kampuni ya Italo, na unashukia katikati ya mji. Kwa gari ni kilomita 275 hivi, mwendo wa saa tatu mambo yakienda vizuri, ushuru wa barabara ya A1 karibu euro 20, mafuta juu yake. Firenze hadi Venezia kwa treni ni saa mbili na dakika chache.

Tiketi za treni za kasi zina bei kama za ndege. Ukiwahi, Roma–Firenze inaweza kuanzia euro 20 hivi. Siku ya safari ni 50 na zaidi. Ile ya bei ya chini inakufunga kwenye treni hiyo hiyo moja, ukichelewa imekwenda na maji. Trenitalia wana ofa ya familia inaitwa Bimbi Gratis, walio chini ya miaka 15 hawalipi wakiwa na mtu mzima, ila siti zake ni chache, kwa hiyo iangalie mapema. Wa miaka 3 anapanda bure kama hachukui siti yake.

Sasa Pienza. Huko gari linahitajika kweli. Bonde la Orcia lote, yaani Pienza, Montalcino, San Quirico, mabasi ni ya kuhesabu na nyumba za shamba zipo mwisho wa barabara za vumbi. Kodi gari siku hizo 3 tu.

Mama Taufiki
Nakazia hapo pa Firenze: gari usilichukulie mjini. Ofisi kadhaa zipo mtaa wa Borgo Ognissanti, pembeni kabisa ya eneo la ZTL lisiloruhusu gari bila kibali, na kosa la kona moja linakuingiza ndani. Panda tramu ya T2 hadi uwanja wa ndege wa Peretola, dakika 20 hivi, chukua gari huko. Ukitoka pale unaingia barabara ya Firenze–Siena ambayo haina ushuru, kisha barabara ya SR2 Cassia hadi San Quirico d'Orcia, Pienza ipo jirani.

ZTL ni maeneo ya katikati ya miji ambayo gari lisilo na kibali haliruhusiwi. Hakuna geti wala askari, ni kamera tu. Utaona kibao cheupe cha duara chenye ukingo mwekundu, na juu yake ubao wa taa. Watu wengi huponzwa na maandishi ya huo ubao: VARCO ATTIVO wanadhani njia iko wazi. Sivyo. Maana yake kamera zinafanya kazi, usiingie. Ni VARCO NON ATTIVO ndiyo inayokuruhusu. Na ramani ya simu usiitegemee ikulinde.

Kila ukipita chini ya kamera ni faini yake, zaidi ya euro 80. Ukizunguka mtaa ukirudi pale pale, hiyo ya pili. Kampuni ya gari nayo inakata ada yake kwa kutoa jina lako kwa polisi tu, faini yenyewe bado. Kwa mkazi wa nje ya Italia, barua inaweza kufika hadi siku 360 baadaye. Ikikufikia, lipa ndani ya siku 5 upunguziwe asilimia 30. Siena nayo ina ZTL, kwa hiyo paki nje ya kuta za mji, kisha panda ngazi za umeme.

Usukani Kushoto
Mambo ya dereva mwenyewe, maana wengi wanakwama dirishani kabla hata ya kuona gari:

Leseni ya Tanzania peke yake haitoshi. Chukua kibali cha kimataifa cha udereva kabla hujaondoka, na ubebe vyote viwili. Halafu kadi: kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva yule yule, na zinazuia mamia ya euro kama amana, wakati mwingine zaidi ya elfu. Kadi ya benki ya kawaida hukataliwa, au unalazimishwa kununua bima yao ya ziada.

Magari mengi ni ya gia za mkono (manyuo). Otomatiki yapo ila ghali zaidi na mwezi wa Juni huwahi kuisha, kwa hiyo hakikisha imeandikwa kwenye oda.

Kule wanaendesha kulia na usukani upo kushoto. Barabara kuu haina shida, unafuata walio mbele. Hatari ni unapotoka sheli au kwenye njia tupu ya shamba asubuhi, mkono unarudi kushoto wenyewe. Kipilefti unakizunguka kinyume cha mshale wa saa, na wenye haki ni waliokwisha kuingia, wanaotokea kushoto kwako. Abiria wa mbele akukumbushe kwa sauti kila kona ya kwanza.

Kiti cha mtoto ni lazima kwa aliye chini ya sentimita 150, kwa hiyo hata huyo wa miaka 9 anahitaji cha kuinulia. Kwa mtoto chini ya miaka 4, sheria inataka pia kifaa cha kengele cha kuzuia kumsahau garini. Waulize kwa maandishi kama wanatoa.

Sheli: benzina ni petroli, gasolio ni dizeli. Pampu iliyoandikwa SERVITO unahudumiwa na bei ni ya juu. FAI DA TE unajaza mwenyewe.

Kisiwani
Ratiba ingekuwa Puglia, Sardegna au ndani ndani ya Sicilia, ningesema gari siku zote bila kusita. Kwa miji hii mitatu, hapana.

Baba Nuru
Nimewaelewa, asanteni sana. Swali: treni za kawaida, zile Regionale, zinafananaje? Nafikiria kwenda Pisa na kurudi siku moja. Na gari nirudishe Firenze au niende nalo hadi Venezia?

Njia ya Chuma
Regionale ni kama daladala: bei haibadiliki, siti haina namba, unakaa palipo wazi. Frecciarossa ni kama SGR yetu, tiketi ina behewa na siti. Tiketi ya karatasi ya Regionale lazima uigonge kwenye kimashine kidogo kabla ya kupanda; isiyogongwa ni faini hata kama umelipa. Ya kwenye simu unaithibitisha kwa kubonyeza check-in kabla ya kupanda.

Kwenye ubao, treni inaandikwa kwa kituo chake cha mwisho. Ya kwenda Firenze inaweza kuandikwa Venezia, basi fuata namba ya treni iliyo kwenye tiketi. Binario ndiyo njia ya kupandia, na huonekana dakika chache tu kabla. Venezia ushukie Santa Lucia. Mestre ipo bara, kabla ya daraja. Ukiona neno SCIOPERO ni mgomo, angalia siku mbili kabla.

Gari rudisha pale pale Peretola, kulirudishia mji mwingine kuna ada yake. Ofisi za magari zipo mbali kidogo na jengo la abiria, mnapelekwa kwa basi dogo. Jaza mafuta kabla, piga picha kila upande pamoja na kipimo cha mafuta, kisha T2 hadi kituo cha Alamanni-Stazione, ubavuni mwa stesheni ya Santa Maria Novella. Kati ya kurudisha gari na treni ya Venezia acha saa mbili na nusu.